Uji wa Leba

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mvua imeanza leo saa nane mchana, siku tisa mapema kuliko mwaka jana. Najua kwa sababu mwaka jana niliandika. Asiyeandika hubishana na hewa.

Wajawazito watatu wameingia leba. Flaski tatu zimerudi langoni. Anayezirudisha ni Bogonko, askari wa lango, lakini amri si yake. Amri ni ya Sista Nyanchama, mkuu wa leba, na imebandikwa ukutani: HAKUNA CHAKULA WALA KINYWAJI. Hoteli yangu iko hatua ishirini na sita kutoka lango la kituo cha afya. Kila flaski inayorudi naiona kabla haijafika barabarani.

Daftari la biashara ni lingine. Hili ni la Linet, binti yangu.

Jumanne, 4 Machi

Wawili. Flaski mbili. Mvua.

Alhamisi, 6 Machi

Linet amefika kutoka Remba. Ndiye mtoto wangu pekee, ana miaka ishirini na miwili, na mimba yake ya kwanza iko wiki ya thelathini. Mumewe Odhiambo ananunua omena, wale dagaa wa ziwani, kule kisiwani. Remba watu wamebanana hata mahali pa kuanika nguo ni pa kugombaniwa, sembuse pa kuzalia. Odhiambo mwenyewe ndiye aliyesema aje huku Awendo, karibu na kituo.

Kwangu hawezi kulala. Kwetu binti aliyeolewa hazalii nyumbani kwa mama yake. Nimempangia chumba nyuma ya kinu cha unga, dakika sita kutoka hotelini ukienda mguu, tisa kukiwa na matope. Nimempelekea uji, mayai matatu, na ndizi.

"Mama, nimekuja kuzaa ama kunenepeshwa?"

"Vyote viwili. Kula."

Jumapili, 9 Machi

Hoteli haina watu. Malori ya miwa yamekwama huko juu na madereva hawajashuka. Basi niandike lile ambalo Linet hajawahi kuniuliza.

Mwaka wa 2000 nilikaa leba saa thelathini na moja, kituo ambacho sitakitaja. Saa ya kumi na nne niliomba maji. Nesi akasema, "Unataka umtapikie nani?" Saa ya ishirini nilitoa ncha ya leso dirishani, ikalowa mvua, nikainyonya. Saa ya ishirini na saba wakaniambia sukuma. Sikuwa na cha kusukumia. Mwili ulikuwa kama gunia ambalo limeshamwagwa mahindi. Levi alizaliwa na kilo tatu na gramu mia mbili, vidole vyote ishirini, na hakulia.

Watu huku bado huniita Min Levi, yaani mama Levi. Wengi hawajui kwamba ni jina la mtoto aliyekaa duniani bila kutoa sauti.

Njaa ndiyo iliyomuua. Hilo nimelisema miaka ishirini na mitano na sijawahi kulirudisha. Nilipoanza kuuza uji nilikuwa na sufuria moja na jiko la kuazima. Sasa nina sufuria tatu za lita arobaini, na nimeziweka hapa mbele ya lango la leba, si stendi, ingawa stendi kuna watu zaidi. Kila anayeuliza namwambia ni kwa sababu ya kivuli. Hapa hakuna kivuli.

Jumatano, 12 Machi

Wanne. Flaski nne. Mmoja alikuja na uji wangu mwenyewe, aliununua kwangu, akarudishwa nao ukiwa moto.

Jumatano, 19 Machi

Nilimsindikiza Linet kliniki. Sista Nyanchama ni mwanamke mfupi, Mgusii, anatembea kama mtu anayepanda mlima hata kwenye sakafu. Alimpima Linet vizuri, sitasema uongo. Mikono yake haina haraka. Alipomaliza nikamuuliza:

"Sista, huyu akiingia leba atakunywa nini?"

"Atakunywa akitoka."

"Na akikaa siku nzima?"

"Niko na dripu."

"Dripu si uji."

"Mama Uji, mimi siuzi uji."

Benchi nzima ya wajawazito ikacheka. Linet pia alicheka, akiwa amefunika mdomo. Nimerudi hotelini nikasugua sufuria ambayo ilikuwa safi.

Ijumaa, 21 Machi

Watatu. Flaski mbili. Wa tatu hakuwa na mtu wa kumletea.

Alhamisi, 27 Machi

Leo Bogonko alimrudisha kijana mmoja, mke wake ndani tangu jana asubuhi. Kijana akasimama kwenye mvua na flaski kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Nikamvamia Bogonko kwa maneno.

"Wewe huna mama?"

"Niko naye, Mama Uji, na ananitegemea. Nikifutwa utamlisha?"

"Nitamlisha."

"Basi ngoja nimwambie ahamie kwako. Anakula sana huyo." Kisha akaona nimeshika kalamu. "Na wewe unahesabu hawa wanawake kuliko karani wa sensa. Unawapeleka wapi?"

Lakini swali lilikuwa la maana. Namba zikikaa daftarini ni uchafu tu wa wino.

Jumatatu, 31 Machi

Mwezi wa Machi: wanawake hamsini na saba. Flaski zilizorudi, hamsini na mbili. Waliokaa ndani zaidi ya saa nane, thelathini na wanane. Waliochukuliwa na ambulensi, wanne, na watatu kati ya hao jamaa zao waliambiwa neno moja: amechoka. Nimenakili kwa mwandiko mzuri kwenye karatasi isiyo na mistari. Kesho kutwa naipeleka.

Jumatano, 2 Aprili

Nimempelekea.

Alisoma amesimama. Akarudia kusoma ameketi. Nilitarajia anifukuze, na nilikuwa nimepanga maneno ya kutokea mlangoni.

"Hizi namba ni kama zangu," akasema. "Umezitoa wapi?"

"Langoni."

Akafungua kabati la chuma, akatoa flaski nyekundu iliyofungwa kwa plasta. Akaiweka mezani katikati yetu.

"Hii ilikuja Agosti mwaka juzi. Ilikuwa na uji. Uji mzuri wa wimbi, kama wako. Nami nilikuwa naruhusu wakati huo. Dawa ya kienyeji ilikuwa imechemshiwa humo ndani, ile ya kuharakisha. Msichana alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikunywa vikombe viwili, uchungu ukamjia bila kupumzika, na saa kumi jioni mji wa mimba ukapasuka. Tulimfunika yeye na mtoto kwa shuka moja."

Akaendelea:

"Unafikiri sijui mwanamke mwenye uchungu anafaa kunywa? Mwongozo unaruhusu. Kama hana shida nyingine, anywe, ale kidogo. Nimeusoma kabla yako. Mimi ndiye ninayekataza, kwa sababu siwezi kuona ndani ya flaski."

"Basi usiangalie flaski," nikasema. "Angalia sufuria."

Nikamweleza. Sufuria moja, yangu, yenye mfuniko. Uji mwembamba wa wimbi na mtama, umechujwa, ndimu na sukari kidogo. Unapikwa mbele ya macho ya watu. Birika moja linaingia leba saa tatu, saa sita na saa tisa, halafu saa kumi na mbili. Flaski zote zibaki nje kama kawaida. Na atakayeleta aonje kwanza. Kwetu anayekupa kinywaji hutangulia kuonja, ndipo mgeni ajue hajalishwa kitu.

"Hata kwetu," akasema. Kisha akanitazama. "Wewe mwenyewe ulipokuwa na uchungu, ulikunywa nini kabla ya kutoka nyumbani?"

"Hakuna. Ndiyo maana unaniona hapa."

Akakubali mpaka mwisho wa Mei. Hakutabasamu, nami sikushukuru.

Jumatatu, 7 Aprili

Siku ya kwanza. Wawili. Vikombe vitano. Nilionja, akaonja, wakanywa. Flaski mbili zimerudi.

Jumanne, 8 Aprili

Watano. Vikombe kumi na kimoja. Mmoja anaitwa Sheila, mwalimu wa chekechea, alikuwa ameshika kitanda kwa mikono miwili na meno yameumana. Uchungu ulipomwachia akaonja, akaniambia, "Sukari imekuwa kidogo." Uchungu ukamshika tena. Ulipomwachia akamalizia: "Lakini leta."

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua kubwa. Watatu. Vikombe saba.

Jumatano, 16 Aprili

Nimegundua jambo kuhusu Sista. Kile kikombe chake cha kuonja cha saa sita ndicho chakula chake cha mchana. Wauguzi ni wawili kwa zamu na siku nyingine ni yeye pekee. Leo nilimwekea kikombe kizima. Akanywa nusu, akarudisha nusu.

"Kuonja ni nusu," akasema.

Ni mgumu. Lakini ni mgumu kwake pia.

Jumanne, 29 Aprili

Wanawake hamsini na wawili mwezi huu mpaka leo. Ambulensi, mbili. Mmoja ni presha, wa pili mtoto alilala vibaya. Aliyechoka hakuna. Nimeandika hili mara mbili ili nilione: aliyechoka hakuna.

Jumanne, 6 Mei

Phelesia amefika kutoka Sindo, mama yake Odhiambo. Alianza safari alfajiri, Homa Bay, Rongo, hadi hapa, na matope mpaka magotini. Ameleta samaki watatu wa kukausha, unga wa muhogo, na kikapu chenye flaski ya bluu.

Mkwe ni mkwe. Mimi na yeye hatukalii kitanda kimoja, hatuli tukitazamana, wala hatuinuliani sauti. Nilimsalimia nimeinama na yeye akainama zaidi. Ni mama mpole, mwenye kukohoa kidogo kabla ya kusema. Amezaa saba na wote wako hai. Linet anampenda, nami sina kosa la kumpa.

"Min Linet," akaniambia, "nimesikia unawanywesha wazazi. Mungu akubariki."

Kikapu sikukiangalia.

Alhamisi, 8 Mei

Watatu. Vikombe sita. Linet ana maumivu ya kiuno.

Jumamosi, 10 Mei, Sabato

Sijaenda kanisani na leo naandika. Mungu atanisamehe hili pamoja na mengine.

Jana, Ijumaa. Uchungu ulimwanza Linet saa kumi na moja alfajiri. Saa mbili asubuhi tulikuwa leba. Sista akampima: njia imefunguka sentimita nne, moyo wa mtoto mia moja thelathini na nane. Saa tatu alikunywa nusu kikombe. Saa nne nusu nyingine, na kipande cha ndizi. Alikuwa anatembea, anashika ukuta, anapumua, anatembea. Uchungu ulikuwa unakuja mara tatu kwa dakika kumi. Niliwaza: hivi ndivyo ingekuwa.

Saa tano Sista aliitwa chumba cha pili, mwanamke mwingine alikuwa anamalizia. Mimi nikatoka kuchukua birika. Langoni nikamkuta Phelesia, na Bogonko amemnyooshea mkono mbele.

"Mama Uji, huyu anasema ni mkwe wako. Nimrudishe?"

Watu walikuwa kwenye foleni ya kliniki, kama kumi na watano, na wote wakageuka. Phelesia alikuwa ameshika ile flaski ya bluu kwa mikono miwili. Alikohoa kidogo.

"Min Linet, ni chai tu nimemchemshia mtoto wangu. Nimeambiwa hapa mnaonja kwanza. Nitaonja."

Akajimiminia kikombe kizima. Akanywa mpaka chini. Akakipindua, tone halikutoka.

Sheria niliitunga mimi. Sheria ilisema sufuria, ikasema flaski zote zibaki nje. Kuonja kulikuwa kwa sufuria yangu, si ufunguo wa lango. Na hata kama ningetaka kuruhusu, ningeweza kusema: nami nionje. Lakini mkwe humnyang'anyi kikombe mbele ya askari na foleni ya watu, ukakinusa kama mbwa aliyetupiwa mfupa. Amesafiri siku nzima. Amekunywa mbele yangu.

Nikamwambia Bogonko maneno mawili. "Ameonja. Apite."

Linet alikunywa kikombe kimoja na nusu. Saa tano na dakika ishirini. Nilikuwa nimesharudi ndani, nimesimama kando yake, birika mkononi.

Kabla ya saa sita kamili alikuwa hatembei tena. Alikuwa amepiga magoti, paji la uso kwenye godoro, na ule uchungu haukuwa na mwisho wala mwanzo. Hakuwa analia. Alikuwa anatoa sauti moja nyembamba. Nilimwita Sista. Akaja na glavu mpya, akaweka kiganja juu ya tumbo, akatazama saa yake, akakaa hivyo hivyo bila kutikisika.

"Saba kwa dakika kumi," akasema. "Amekunywa nini?"

Saa ya ukutani ilikuwa saa sita na dakika nne.

"Uji," nikasema.

Haikuwa uongo. Alikuwa amekunywa uji. Phelesia alikuwa kwenye kona, anatazama sakafu. Ile flaski alikuwa ameifunika kwa kitenge. Sista akaweka kile kipembe cha kusikilizia tumboni, akainama na sikio.

"Tisini na mbili."

Niandike nilichowaza, maana hakuna mwingine atakayeniandikia. Niliwaza kwamba nikisema, uji umekwisha. Mwezi mzima, wanawake wote wale, umekwisha. Niliwaza kwamba nikisema, nimemvua mkwe wangu nguo hadharani. Nikawaza labda ni uchungu wa kawaida tu umeshika kasi. Binti yangu alikuwa amepiga magoti mbele yangu na mimi nilikuwa napiga hesabu.

"Themanini na nane," akasema Sista. Akageuka. Hakunitazama mimi, alitazama chumba. "Nauliza mara ya mwisho."

Saa sita na dakika nane.

"Na chai ya mkwe wangu," nikasema. "Ya flaski. Kikombe kimoja na nusu. Mimi ndiye nilimpitisha langoni."

Phelesia akafunua kitenge. "Ni yath nyaluo, dawa ya nyumbani. Ya kuharakisha tu. Hata mimi nimeinywa leo, huyu amenishuhudia. Nimezaa saba kwa hiyo."

"Mama," Sista akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko wakati wote niliowahi kuisikia, "hiyo inashika mji wa mimba wenye mtoto. Wewe ungeweza kunywa ndoo nzima."

Basi nikaelewa nilichokuwa nimekijenga. Kuonja kunamkinga mtu na sumu. Hii haikuwa sumu. Kwa bibi ni chai, kwa mwenye uchungu ni kisu, na ulimi haujui tofauti.

Yaliyofuata yalikuwa ya mikono. Alimlaza Linet ubavu wa kushoto. Oksijeni. Dripu ya kwanza. Sindano ya kutuliza mji wa mimba. Akapiga simu ya ambulensi, wakasema iko njiani, lakini lori la miwa limelala katikati ya barabara na trela lake. Dakika arobaini, labda zaidi. Akakata simu bila kuaga.

"Wewe unapenda namba," akaniambia. "Kaa hapa. Kila dakika tano nitasema, uandike."

Nikaandika kwenye kiganja, kwa kalamu ya wodi. Themanini na nane. Themanini na sita. Tisini. Tisini na sita. Themanini na tisa. Phelesia alikuwa amepiga magoti ukutani anaomba kwa Kijaluo, na mimi sikuomba, kwa sababu ningeomba ningesahau namba. Mia moja na nne. Mia moja na kumi na nane. Saa saba na dakika tano mikono ya Linet ikaachia shuka kwa mara ya kwanza, akafumbua macho.

Ambulensi ilifika saa nane kasoro. Sista akampima, akasema amefunguka kabisa, njiani atazalia matopeni, azalie hapa. Dereva akangoja na mlango wazi.

Saa tisa na dakika kumi na mbili. Msichana. Kilo mbili na gramu mia tisa. Hakulia.

Ukimya ule naujua. Nimeishi nao. Sista alimweka mezani, akampangusa kwa nguvu, akamwekea kile kibarakoa kidogo usoni na kubana mfuko wa hewa, na midomo yake inahesabu. Dakika moja. Dakika mbili. Sikumtazama mtoto, nilitazama midomo yake. Katika dakika ya tatu mtoto akakunja mguu, kisha akatoa sauti kama paka aliyekanyagwa.

Linet alitoka damu nyingi. Dripu tatu. Jioni alikuwa mweupe midomoni lakini alijua jina lake na la kwangu.

Jumapili, 11 Mei

Phelesia alikuja hotelini akasimama nje kwenye manyunyu. Mkwe hawezi kuingia mahali ninapolia, na alikuwa ameniona.

"Min Linet. Nilidhani nasaidia."

"Najua."

"Mimi pia nilipewa na mama mkwe wangu. Kabla ya kila mmoja wa wale saba. Bakuli moja, ukiwa umesimama."

Akaenda zake polepole, ameshika ukingo wa mtaro. Mimi nikabaki na kata mkononi mpaka uji ukashika chini.

Bakuli moja, ukiwa umesimama. Mlangoni mwa jikoni ya mama mkwe wangu, mwaka wa 2000, alfajiri. Dawa ilikuwa ya kijani na chungu, na alinishika mgongo nilipokuwa nakunywa. Miaka yote nimesema saa thelathini na moja bila kitu. Sikuwahi kulihesabu bakuli lile kwa sababu halikuwa chakula.

Sijui. Huenda ni njaa. Huenda ni bakuli. Huenda ni yote, au si lolote. Mama mkwe amekufa, na yule nesi sikuwahi kumjua jina. Nimemtwika nesi huyo Levi shingoni miaka ishirini na mitano, na leo siwezi kumwondoa wala kumwacha pale.

Jumatatu, 12 Mei

Sista ameniita ofisini. Nilisimama.

"Umenipa namba nyingi, Mama Uji. Leo nipe moja. Ulinyamaza dakika ngapi?"

"Nne."

"Hata mimi nilihesabu nne."

Nikangoja amri ibandikwe upya. Nilikuwa nimeshajua nitasema nini: ni haki yako. Lakini akasema:

"Uji utaendelea. Wanawake hawana kosa, na sufuria haina kosa. Emmaculate wa usafi atachukua birika langoni, nitaonja mimi. Wewe hutaingia leba tena."

"Uji ni wangu."

"Ndiyo. Na ni mzuri."

Nimehesabu hatua za kurudi, nikapoteza hesabu.

Jumanne, 13 Mei

Wanne. Emmaculate amesema vikombe tisa. Siwezi kuthibitisha.

Ijumaa, 16 Mei

Linet ameruhusiwa. Odhiambo amefika kuwachukua, watakaa Sindo kwa mama yake mpaka mvua ipungue. Nilidhani Linet atakataa kukaa na Phelesia. Hakukataa. Nilimwogesha mtoto, na huku nakausha mikunjo ya shingo yake nikamuuliza mama yake lile lililokuwa linaniwasha.

"Hukusikia kwamba ni chungu?"

"Nilisikia."

"Na ukanywa."

"Nilikuangalia, Mama. Ulikuwa umesimama pale na birika. Nikasema, kama ingekuwa mbaya, si Mama angeongea."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anafunga leso kichwani huku anazungumza. Nimeshukuru kwamba mtoto alilia wakati ule, tukawa na kazi.

Jumatano, 21 Mei

Watatu. Vikombe saba. Mvua asubuhi tu.

Jumanne, 27 Mei

Jua. Malori yanapita. Bogonko amesema mama yake bado anangoja nimlishe. Nimemfungia lita mbili.

Ijumaa, 30 Mei

Sista ametuma neno kupitia Emmaculate: Juni iendelee. Hakuongeza kitu.

Mchana alikuja mama mmoja kutoka upande wa Rongo, mtu mzima kuliko mimi, mwenye viatu vya kanisani. Mke wa mwanawe yuko ndani tangu asubuhi. Bogonko amemrudisha. Akaja moja kwa moja kwangu, na flaski imefungwa ndani ya shuka jeupe.

"Wanasema wewe ndiye mwenye uji wa huko ndani. Mwambie askari anipitishe, mwanangu."

"Hata mimi sipiti, mama."

Akanitazama akidhani namtania. Nikamwambia mkaza mwanawe amekunywa saa tatu na saa sita, na birika la saa tisa liko jikoni. Nikamfutia kigoda. Akaketi, flaski mapajani, anaishika kama kitu kinachoweza kumwagika.

Alikuwa wa rika la mama mkwe wangu. Mtu wa kuinamiwa. Nikainama, nikamsalimia vizuri kwa heshima zote, nikauliza habari za safari na za nyumbani. Kisha nikamuuliza humo ndani kuna nini.

"Chai tu," akasema.

Nikavuta kigoda cha pili, nikaketi karibu naye mpaka magoti yetu yakagusana, nikamuuliza tena.